Mabaki ya Kicheko

Bibi Naghenjwa hakuja Nyumba ya Makasha kumsikiliza marehemu mumewe akisema neno. Maneno ya Mbonea alikuwa nayo kichwani, na mengine, alisema mwenyewe, angeshukuru kama angeyasahau. Alikuja kusikiliza kicheko. Kila Ijumaa, ukungu wa Usangi ukiwa bado umelalia paa, aliingia na fimbo yake, akavua kandambili mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akaketi kwenye kiti cha pembeni na kumwambia fundi, "Sekela, niwekee mzee wangu acheke kidogo, niende zangu shamba."

Sekela alimvalisha spika za masikioni chini ya kilemba, taratibu, kisha akalifungua kasha. Mbonea alicheka. Kilikuwa kicheko kinene, kilichoanzia chini kama debe linaloburutwa sakafuni, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Bibi alifumba macho. Akikitaka tena hakusema. Aliinua kidole kimoja tu, na Sekela akakirudisha mwanzo.

Watu wa milima ile walikwisha kuzoea mambo hayo. Tangu seva kubwa za ng'ambo zilipozimwa, watu wakaamka asubuhi moja hawana picha za harusi zao wala sauti za wazazi wao, kila wilaya ilijijengea nyumba yake ya kuhifadhi. Yao iliwekwa Usangi kwa sababu mitambo hupenda baridi, na baridi ya Usangi ni ya bure. Kila mtu mzima alivaa kinasa, kidude cha ukubwa wa kifungo cha nguo, na alipofariki sauti za maisha yake zilibanwa zikatiwa kwenye kasha lake. Lakini kasha lilikuwa dogo na maisha ni marefu, kwa hiyo pakahitajika watu wa kazi ya Sekela.

Sekela alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, alikuja kwa mkataba wa muda akaishia kukaa. Ndugu hakuwa nao Usangi. Bibi Naghenjwa ndiye aliyemfundisha kupika makande yasiwe na mahindi magumu, na ndiye aliyemletea blanketi msimu wake wa kwanza wa baridi, akisingizia kwamba halimtoshi kitandani. Ndiyo maana Ijumaa haikuwa siku ya kazi tu kwa Sekela. Alimpenda yule bibi, basi.

Siku moja alimuuliza kuhusu koti. Usangi nzima ilijua kwamba koti la Mbonea lilikuwa kwa Ndesario, mzee wa Kichaga aliyekuja ujanani kufunga pampu za ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia ya Wapare, asirudi tena kwao. Alikuwa mtani, kama Wachaga wote walivyo watani wa Wapare, na siku ya msiba mtani huchukua kitu cha marehemu akakifanyia mizaha mpaka wafiwa waje wakikomboe. Koti la Mbonea halikukombolewa. Ndesario alilivaa sokoni, alilivaa kanisani, watu wakacheka, miaka ikapita. Bibi alipoulizwa alijibu huku akivaa kandambili zake.

"Yule mtu amekula kwangu kuliko alivyokula kwao. Mume wangu alipolala mauti, watu wote walilia, hata mbuzi walilia. Yeye hakudondosha chozi, hata la kusingizia. Abaki nalo."

*

Mwezi ule ulikuja waraka kutoka mkoani. Mafaili yote ya mtindo wa zamani yasomwe na kuandikwa upya kwa mtindo mpya, ili mtambo wa zamani uzimwe. Masharti yalikuwa machache, yaliyoandikwa kwa ile lugha kavu ya ofisi: kila kipande kiwe na tarehe, sauti ya mtu aliye hai isikae kwenye kasha la marehemu bila ridhaa yake, na mabaki yote yatupwe, kwa kuwa yanakula nafasi.

Sekela aliandika programu yake kwa Ukili, lugha waliyofundishwa mafundi wote wa makasha. Ilikuwa fupi hata akaona haya kulipwa mshahara kwa ajili yake:

    fungua "mbonea.zamani" kwa kusoma kama A
    fungua "mbonea.mpya" kwa kuandika kama B
    kwa kila kipande ndani ya A:
        andika kipande kwenye B
    funga B
    funga A

Mistari miwili ya mwisho ndiyo wanafunzi huisahau. Programu ya kubana haiandiki kila kitu papo hapo. Hushika vipande vya mwisho mkononi, ikingoja kuona kama vinakuja vingine vya kufanana navyo. Usipoiambia ifunge, inaondoka navyo vilevile mkononi, na faili linabaki halina mkia. Sekela alikuwa na mazoea ya kulitamka neno lenyewe kwa sauti kila alipofika hapo, funga, kama mtu anayejikumbusha kuzima jiko.

Mafaili ya watu wengine yalipita bila neno. La Mbonea lilikwama katikati. Programu ilisimama ikaandika kwamba kipande hiki kina tarehe ya baada ya kifo cha mwenye kasha.

Kwanza alidhani saa ya kinasa iliharibika. Akakifungua kipande, akasikia kicheko kilekile anachokijua kwa moyo, cha Ijumaa zote. Akakisikiliza tena kwa sauti kubwa mpaka mwisho kabisa, pale ambapo Bibi hakufika kamwe kwa kuwa aliinua kidole kabla. Mwishoni, nyuma ya kicheko, kulikuwa na vishindo vya sufuria na sauti ya mwanamke ikisema, "Mchaga, vua koti la watu."

Sekela aliziondoa spika masikioni akaziweka mezani.

Alikuwa ameishi Usangi vya kutosha kuelewa bila kuelezwa. Kinasa cha Mbonea kilishonwa kwenye koti lake, mahali pa kifungo cha juu. Ofisa wa makasha alikuwa hajafika kukichukua. Mtani akaja, akalitoa koti msumarini, akalivaa, akatoka uani kumwigiza marehemu mbele ya watu, kama desturi inavyomtaka, na kinasa, ambacho hakijui mzaha wala msiba, kikaendelea kunasa.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mashine. Kubana faili si uchawi. Mtu anayemwuliza mkewe umeamkaje kila asubuhi maisha yake yote hahitaji kuhifadhiwa asubuhi zote. Programu inaweka moja, na mahali pa zile nyingine inaandika tu, rudi kule ukachukue ile. Ya zamani ilikuwa na uvivu mmoja zaidi: haikudai vipande viwe sawasawa, vikikaribiana iliridhika. Ilivipima vicheko vyote vya Mbonea, ikatafuta kilicho safi kuliko vyote kiwe mama wa vingine. Vya Mbonea mwenyewe vilikuwa na upepo, na ng'ombe, na kikohozi. Cha Ndesario kilikuwa safi. Baadaye ofisi ilipofuta yote yaliyonaswa baada ya kifo, kile kilibaki, kwa kuwa vicheko vyote vya marehemu vilikwisha kukiegemea.

Kwa miaka yote ile Bibi Naghenjwa alikuwa akifumba macho akimsikiliza mtu ambaye yeye mwenyewe alikataa kukomboa koti mkononi mwake.

Dawa ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliomtisha Sekela. Aibadilishe tarehe. Neno moja tu kwenye programu, na faili lingepita, na Ijumaa ingekuja kama kawaida. Nani angejua? Nani angeumia? Tena alikuwa amekwisha kuweka vidole mahali pake alipoyakumbuka mabaki.

Programu ya zamani ilikuwa na uvivu lakini haikuwa na roho mbaya. Kila ilipokitoa kicheko cha kweli ikaweka cha kufanana, iliiandika pembeni tofauti baina ya viwili hivyo, endapo siku moja mtu angeitaka. Tofauti hizo ndizo mabaki, yale ambayo waraka ulitaka yatupwe. Chukua kicheko cha Ndesario, kiongezee mabaki, unampata Mbonea mwenyewe, na kikohozi chake na ng'ombe wake. Kumbe alikuwemo humo siku zote. Ila hapatikani bila kupitia kwa mtani wake, na yakishatupwa mabaki hapatikani tena kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa haikuwa tena suala la kunyamaza na kutonyamaza tu. Akinyamaza, Bibi anabaki na furaha yake na kumpoteza mumewe. Akisema, Bibi anampata mumewe, na Ijumaa zote zilizopita zinageuka kuwa dhihaka. Sekela alizima mtambo akaenda kutembea.

*

Miguu ilimpeleka kwa Ndesario. Ridhaa yake ilihitajika kwa vyovyote, alijiambia, lakini ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kugawana naye mzigo.

Mzee alikuwa ameketi barazani akiifungua pampu iliyokufa zamani. Alikuwa amelivaa koti. Mahali pa kifungo cha juu palikuwa na nyuzi tupu. Alipomwona alimwuliza kama ameishiwa ndizi huko kwake hata akazifuata za Wachaga, ambazo ndizo ndizi zenye akili, akamsogezea kigoda. Sekela alicheka kwa adabu. Kisha akampa spika za masikioni bila kumwambia ni nini, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

Ndesario alisikiliza. Uso wake, ambao haukujua kutulia, ulitulia. Alipomaliza aliuliza kilitoka wapi, na Sekela akamweleza yote, kinasa, kifungo, kipande mama, na Ijumaa za Bibi. Mzee alishika zile nyuzi tupu za kifungo akawa anazizungusha kidoleni.

Akasimulia siku ile. Alisema alimkuta shemeji yake, yaani Bibi Naghenjwa, amelala chini tangu jana yake, hali hanywi, na wanawake wamechoka kumbembeleza. Yeye akaingia chumbani, akalivaa koti na kofia, akatoka na ule mwendo wa Mbonea wa kutanguliza bega. Akawagombeza wapishi kwamba makande yana maharage ya kuhesabika, kwamba huo ndio ubahili uliomwua. Akaenda kulala kwenye mkeka wa marehemu akaagiza chai. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Shemeji akainua kichwa, akamwona, akacheka, halafu akalia, halafu akala. Kijiko cha kwanza alikiona kwa macho yake.

"Hiyo ndiyo kazi yetu," alisema. "Mtani halii, mwanangu. Ameshika kitu cha marehemu, lazima achekeshe watu mpaka waje wakikomboe. Kikishakombolewa, kazi imekwisha. Anakaa chini na wafiwa wenzake, analia kama mtu."

"Na koti, Babu?"

"Koti ninalo."

Sekela akauliza kwa nini asingelirudisha tu. Mzee akajibu kwamba Wapare ni wagumu, sufuria moja ya makande ingetosha, lakini Mpare akiona sufuria inatoka nyumbani huifungulia kesi mahakamani. Alipoona Sekela hacheki aliacha. Alisema mtani hajikomboi mwenyewe. Ni mwiko, na hata kama isingekuwa mwiko ni aibu. Angeingiaje kwa watu na koti mkononi, aseme jamani nichukulieni hiki ili nilie?

Sekela akaelewa jambo ambalo wale wazee wawili, licha ya kuishi mlima mmoja siku zote hizo, hawakuwahi kuelezana. Bibi alingoja chozi ndipo akomboe. Ndesario alingoja kukombolewa ndipo alie. Na koti lilizidi kuchakaa.

Ridhaa alipewa, lakini ilikuja na sharti. Mzee alitaka shemeji asiambiwe. Alisema yeye hana neno kukaa miongoni mwa wafu kabla ya zamu yake, atawazoea mapema. Lakini yule mama amekwisha kuzika mume mara moja, asizikishwe tena. "Mwache anisikilize mimi akidhani anamsikiliza mumewe," alisema. "Hilo nalo si utani?"

*

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Sekela alirudi kwenye mtambo wake na karatasi ya ridhaa, na sasa kila kitu kilikuwa halali. Angeandika faili, angetupa mabaki, asingekuwa amevunja sharti hata moja. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini hata Mungu, aliwaza, hakumtuma mtu kumnyang'anya ajuza kicheko.

Kabla ya kuyatupa mabaki aliamua kuyasikiliza. Hakuna fundi anayefanya hivyo. Mabaki si sauti ya mtu, ni tofauti ya watu wawili, yale aliyo nayo mmoja na mwenzake hana, mara nyingi mikwaruzo mitupu. Na kinachoongezwa na kinachopunguzwa, humo ndani sikio halivitofautishi, vyote husikika.

Akafungua ya kwanza. Kikohozi cha Mbonea, mluzi mwembamba wa jino lililong'oka, mbu. Na chini yake kitu kingine, kifupi, kilichokabwa. Akafungua ya pili, ya siku nyingine, mwaka mwingine. Hapakuwa na kikohozi wala mbu, palikuwa na mvua juu ya bati. Na kitu kile, pale pale. Akafungua nyingine, na nyingine. Siku za Mbonea zilibadilika, kile hakikubadilika, na hakingeweza kubadilika, kwa kuwa kilikuwa kimetolewa kwenye kicheko kilekile kimoja ambacho vyote vilipimwa nacho.

Akavipanga vyote pamoja, akaiamuru Ukili iondoe kila kisichofanana. Mvua ikaondoka, mbu wakaondoka, Mbonea akaondoka na mluzi wake. Kilichobaki kilikuwa mtu anayelia huku amejiziba mdomo.

Ndani ya kicheko, mbele ya ua uliojaa watu, Ndesario alikuwa amelia. Alilia kwa namna ambayo hakuna sikio lililomgundua, pengine hata lake, na mashine, ilipokuwa ikitafuta wapi wanaume wawili wanafanana, ikakitenga kilio pembeni kwa kuwa Mbonea hakuwa na kilio cha namna hiyo. Waraka wa mkoa ulitaka kitupwe kwa sababu kinakula nafasi.

Sekela naye alilia, na hakuwa na mtu wa kumwona, kwa hiyo alilia vizuri. Kisha akanawa uso. Alikwisha kuamua, na hakufurahia kwamba ameamua. Sharti la mzee lingevunjika, na huenda Ijumaa zingekoma.

*

Bibi Naghenjwa alivua kandambili mlangoni, akaketi, akasema alivyozoea kusema. Sekela hakumvalisha spika. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakakaribia kugusana, akamwambia.

Alimwambia yote bila kuyazungusha, na Bibi hakumkatiza. Alipofika kwenye sauti ya mwanamke aliyesema vua koti la watu, Bibi alisema kwa upole kwamba huyo alikuwa wifi yake. Fimbo ililala mapajani. Kwa muda mrefu aliutazama ukuta ule wenye makasha, hakumtazama Sekela, na Sekela akadhani basi, amempoteza.

"Huyu niliyekuwa nikimwita," alisema Bibi hatimaye. "Alikuwa Mchaga."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Wewe umekosa nini? Mimi ndiye niliyelala na mtu miaka yote hiyo nisijue kicheko chake." Akafuta jicho kwa ncha ya kilemba, kwa hasira. "Mume wangu yuko wapi? Umesema yumo."

Sekela akamvalisha spika. Alikwisha kuviunganisha vicheko vichache, cha mtani na mabaki juu yake, akachagua kile cha mvua.

Mbonea alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri kama kile kingine. Kilianza ovyo, kikafyatua mluzi, kikaingia kikohozi, kikafa kabla hakijafika popote. Bibi aliganda. Halafu mabega yakaanza kumcheza, na Sekela aliyekuwa ameogopa kilio aliona kwamba Bibi anacheka.

"Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Hadithi zake zote sikuwahi kuzijua mwisho, anazicheka njiani. Nilikuwa namgombeza." Akainua kidole.

Waliviendea kimoja kimoja. Cha kwenye ndiva, cha harusi ya mwanawe, cha siku alipoangushwa na punda. Bibi aliviita kwa majina, kama mtu anayewapokea wageni mlangoni. Mwishowe akauliza kitu ambacho Sekela alikuwa akikiogopa tangu asubuhi. Aliuliza, hicho kilichochambuliwa pembeni, kinasikikaje peke yake?

Sekela alikitafuta. Akambonyezea.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kile kilio kifupi kilichokabwa. Hakuuliza ni cha nani. Aliziondoa spika mwenyewe, kilemba kikafunguka, akakifunga upya kwa vidole visivyokuwa na haraka.

"Siku ile niliona tu meno yake," alisema.

Kisha akauliza habari za nafasi, maana hakuwa mjinga, alijua kasha ni dogo. Sekela akakiri kwamba mabaki yakibaki lazima kingine kitoke. Bibi hakufikiri sana. Alisema itolewe mikutano yote ya kamati ya maji, hata Mbonea mwenyewe alikuwa akisinzia humo. Na kipande cha Ndesario kikae palepale kilipo, chini ya vingine, kwa jina lake. Sekela akasema fomu inauliza uhusiano, na imeorodhesha mke, mzazi, mtoto na ndugu tu.

"Ongeza mtani," alisema Bibi. "Wewe si ndiye fundi?"

*

Jumamosi walishuka bondeni, Bibi mbele na fimbo, Sekela nyuma na sufuria ya makande kichwani, ya moto, ikimchoma hata juu ya kata ya khanga. Bibi alikuwa ameyapika mwenyewe tangu alfajiri na hakuruhusu mtu kuyaonja.

Ndesario alikuwa barazani na pampu yake. Alipowaona alisimama, na Sekela aliona macho yake yakimtafuta yeye kwanza, yakimwuliza, na yakapata jibu. Mzee alirudisha uso wake wa kazi haraka. Akasema leo jua litachwea mashariki, Mpare ametoka na chakula nyumbani kwake, majirani waitwe wawe mashahidi. Akafunua sufuria, akachungulia, akachota kidogo kwa kijiko, akahesabu maharage kwa ncha ya kidole.

"Yamezidi," alisema. "Nani amekufa tena?"

"Nimekuja kukomboa koti," alisema Bibi Naghenjwa.

Mzee aliendelea kukitazama kijiko. Alisema koti lenyewe limekwisha, halina kifungo, limekula jua, angesubiri kidogo tu lingejikomboa lenyewe kwa kuchanika. Bibi hakucheka. Alinyoosha mikono yote miwili, kama desturi inavyotaka, na kungoja. Basi Ndesario akalivua. Ndani yake alikuwa mdogo kuliko walivyomzoea, mzee mwembamba mwenye shati lililopauka, na kulikuwa na baridi.

Bibi alilipokea, akalikung'uta, akalinusa kwenye ukosi, akalikunja. Likawa limekombolewa. Kisha akalikunjua tena, akamzunguka mzee kwa nyuma, akamwekea mabegani na kuvuta kola ikae sawa, kama alivyokuwa akimfanyia mwingine.

"Nakupa," alisema. "La kuchukua limekwisha, hili ni la kupewa."

Ndesario alifungua mdomo kutafuta mzaha. Sekela aliuona mzaha ukitafutwa, usipatikane.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Bibi. "Kwenye ile mashine. Nimekusikia vizuri." Akaketi kwenye kigoda, akagonga ubao wa baraza kwa kiganja, pale kando yake. "Kazi yako imekwisha. Njoo ukae na wafiwa."

Mzee alikaa. Alizungusha nyuzi za kifungo kisichokuwepo. Halafu kilio kikamjia, kwanza kama cha mtu anayeanza kucheka, kutoka chini, kizito, na safari hii hakujiziba mdomo. Bibi alimshika mkono. Mzee akamlilia Mbonea wao, kwa sauti, kama amekufa asubuhi ile.

Sekela aliinuka akaenda kusimama nje, penye migomba, awaachie nafasi. Faili lilikuwa bado wazi kule ofisini, limebakiza ile mistari miwili ya mwisho. Angeiandika Jumatatu. Alilisema neno lake hata hivyo, funga, polepole, kwa mazoea, kisha akarudi ndani kutafuta sahani, maana makande yalikuwa yanapoa.